Upindo wa Vidole Vinne

Siku hizi marehemu shangazi yangu hutajwa kwenye semina kama kielelezo cha wanawake viongozi. Mimi sina imani kubwa na vielelezo. Ninachokumbuka ni chumba cha nyuma chenye cherehani saba, harufu ya mafuta ya mashine na ya kitambaa kipya, na mafundi saba wakisengenyana bila kuinua macho.

Kila sketi ya shule iliyotoka humo ilikuwa na upindo wa vidole vinne. Msichana akirefuka, mama yake huushusha kidogo, na mkunjo wa zamani hubaki kama mstari uliokoza. Wakubwa tuliwatambua kwa mistari yao.

Mwaka mmoja mwenyekiti wa kamati ya shule alileta sharti: upindo uwe wa kidole kimoja, kitambaa kipungue, ama sivyo kazi iende kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Bila sare za shule, cherehani nne zingenyamaza. Shangazi alikubali.

"Kidole kimoja," aliwaambia wenzake.

"Chako au changu?" aliuliza Mama Pacha, mwanamke wa mwili wa kutosha.

"Changu. Chako ni upindo wa pazia."

Sketi ya mfano aliishona mwenyewe, kwa kutomwamini mtu. Nilivalishwa mimi, kwa kuwa kimo changu kilikuwa cha wastani na sikudai ujira, tukaenda ofisini kwa mwenyekiti. Akainama, akageuza upindo.

"Bibie, hiki ni kidole cha nani?"

Shangazi alitazama. Vilikuwa vinne, vimenyooka kama kawaida yake.

"Kichwa kilikubali, mwenyekiti," alisema taratibu. "Mkono haukuwepo kwenye kikao."

"Basi uambie mkono."

Shangazi aliulaza upindo ule kwa kidole gumba.

"Mkono huu ndio ulioniajiri. Siwezi kuufukuza."

"Kazi itakwenda ng'ambo, dada."

"Najua. Na mwakani mabinti watarefuka. Hilo nalo kamati imelipangia?"

Kazi ilikwenda ng'ambo. Shangazi aliwaeleza wenzake yote kabla hajavua viatu.

"Mazoea yana tabu," alisema Mama Pacha. "Ungenipa mimi nishone."

"Wewe ungeacha vitano."

Hakumwachisha mtu kazi. Walishona kwa zamu kwenye cherehani tatu, naye akiwa na zamu yake kama wengine: mashuka, foronya, na mapazia yenye upindo wa kidole cha Mama Pacha.

Ingependeza kusimulia kwamba mwenyekiti alirudi kuomba radhi. Hakurudi. Waliokuja, mwaka uliofuata, ni akina mama, mmoja mmoja, na sketi zilizopanda juu ya magoti na zisizokuwa na kitu cha kushusha. Kisha wakaanza kuja na vitambaa vyao wenyewe. Kamati haikuitwa kuamua lolote. Cherehani zote saba zikalia tena, na masengenyo yakapata sauti yake ya zamani.

Ile sketi ya mfano niliivaa hadi nilipomaliza shule. Juzi nimeitoa kabatini. Imepauka, ina mistari mitatu, na ndani yake kimebaki kidole kimoja cha kitambaa, bado buluu kama siku ile, ambacho sikuwahi kurefuka kukifikia.