Waliomsomesha Shurie

Asubuhi ya baraza Shurie hakuweza kumeza hata chai. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mtu wa kwanza wa jamii ya Aweer kuketi kwenye kamati ya maji pale Hulugho, kaunti ya Garissa. Watu wake ni wachache, wanaishi pembezoni mwa msitu kwa mashamba madogo na asali. Hakuna aliyezoea kuwauliza lolote.

Kiti hicho kilitokana na wanawake wauza maziwa wa mji wa Masalani. Miaka minne nyuma, wakiongozwa na Ebla, walianzisha mfuko wa kuwainua vijana wa jamii ndogo walioonekana na kipawa cha uongozi. Wafugaji wakajiunga, kila mmoja akatoa mbuzi. Mfuko ndio uliomsomesha Shurie chuoni Garissa na kumpangia chumba huko, na alipomaliza ukamwombea nafasi kwenye kamati.

Aliyetoa zaidi ya wote alikuwa Abdiwahab, mfugaji wa ngamia. Na ni Abdiwahab huyo aliyetaka bwawa jipya lizungushiwe seng'enge. Juzi Shurie alikuwa ameonyeshwa mchoro. Ua ulikatiza njia pekee ambayo watu wake waliingilia msituni kurina asali. Kuzunguka kungewachukua nusu siku kwa miguu.

Asubuhi hiyo alikuwa amempigia Ebla simu kumweleza.

"Leo usiseme kitu, mama," Ebla alimjibu. "Abdiwahab akitoka kwenye mfuko, wengine watamfuata. Na sasa kuna Kaltun anasoma. Nitamwambia nini?"

Kaltun alikuwa msichana wa Wamunyoyaya, jamii nyingine ndogo ya kando ya mto, aliyechukuliwa na mfuko mwaka jana.

Barazani Shurie aliketi mstari wa mbele. Afisa wa tarafa, Mwenda, mtu wa bara, alisoma mpango wote wa bwawa na ua kwa Kiswahili. Wazee wakaitikia kwa kichwa.

"Kuna mwenye neno?" akauliza.

Shurie alimtazama mama yake, aliyekaa nyuma kabisa miongoni mwa wanawake. Mwenda akaanza kufunga faili. Shurie akajikuta amesimama.

"Bwawa ni zuri," alisema. "Lakini ua huu unatufungia njia. Naomba usogezwe, tuachiwe upenyo."

Abdiwahab alisimama polepole. "Mimi ni mmoja wa waliokusomesha. Tulikupeleka shule uje utupinge kwa maji yetu wenyewe?"

"Mlinipeleka ili watu wangu wapate wa kuwasemea, adeer," alijibu, akimwita baba mdogo kama alivyomwita siku zote. "Nikinyamaza leo, mbuzi wenu mtakuwa mmewatoa bure."

Mwenda aliamuru ua upimwe upya, safari hii pamoja na wanaoipita ile njia. Abdiwahab akajitanda shuka yake na kuondoka.

Zikapita siku nne. Ebla hakupokea simu. Siku ya pili Kaltun alituma ujumbe: "Dada, ni kweli narudishwa nyumbani?" Shurie aliandika jibu, akalifuta, akaandika tena, akalifuta. Kila gari liliposimama barabarani alitoka nje kuchungulia.

Siku ya tano gari lilimshusha Ebla. Alikuwa amejaa vumbi. Alikunywa maji kwanza, kisha akazungumza.

"Abdiwahab ametoka. Wengine wawili wamemfuata. Nilikukasirikia, na bado sijatulia."

"Na Kaltun?"

"Wanawake tumekaa. Kila mmoja ataongeza maziwa yake ya siku moja kwa wiki. Muhula huu atamaliza. Muhula ujao, Allah ndiye ajuaye."

Shurie alitaka kuomba radhi, lakini hakuona kosa la kuliombea. Akamwita mama mdogo, kama kawaida yake: "Basi twende tukaombe michango, habaryar. Mimi na wewe. Hapa hapa Hulugho."

Ebla alimkazia macho. Tangu aanze kusaidiwa, Shurie hakuwahi kuomba kwa mdomo wake; wengine ndio walioomba kwa niaba yake.

Nyumba ya kwanza mwenyewe aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiria. Ya pili waliambiwa mzee hayupo, na kikohozi chake wakakisikia ndani. Nyumba ya tatu alitoka mjane aitwaye Anab, ambaye alikuwepo barazani.

"Ni wewe uliyesema habari ya njia?"

"Ni mimi."

Anab aliingia zizini, akarudi na mbuzi jike mweusi aliyefungwa kamba.

"Mpelekeeni huyo msichana," alisema. "Lakini mwambieni na yeye aseme."

Shurie aliipokea kamba, akatoa simu na kumwandikia Kaltun kwamba muhula huu yupo salama, na kwamba ada ya muhula ujao wanaitafuta. Kisha wakashika njia kwenda nyumba ya nne, asijue watapokewaje.