Nilivyolikata Tuta la Ziwa la Chumvi

Ziwa letu la chumvi limekufa. Nililiua mimi kwa jembe, asubuhi moja ya mwezi wa tano, kati ya saa moja na saa nne. Hakunituma mtu na hakunisaidia mtu.

Wengi wakipita njia ya Liuli kwenda Lituhi wanaona Nyasa tu. Letu, Ziwa Dogo, lilikuwa nyuma ya ufukwe, limejificha chini ya mlima. Kulizunguka ni mwendo wa saa moja. Kati yake na Nyasa palikuwa na tuta la mchanga na mawe, pana sehemu nyingi, ila mahali pamoja lilikuwa jembamba, hatua kumi na mbili. Upande wa Nyasa maji matamu, usipa, wale dagaa wa kwetu, na mamba. Upande wa pili maji mazito ya kijani ambayo hata chura hakai. Upande wa mlimani kuna chemchemi ya maji moto inayotoka chini ya jiwe. Ukitia mkono, unautoa haraka.

Ikifika mwezi wa tisa maji yalirudi nyuma na ukingo ukabaki mweupe. Mbuzi walikuja kulamba. Heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, walikuja kula vidudu ndani ya tope, siku nyingine arobaini, siku nyingine zaidi. Ndipo wanawake walipoingia. Walikwangua ule udongo mweupe, wakautia kwenye vyungu vyenye matundu chini, wakaumwagia maji, na yale yaliyodondoka wakayachemsha mpaka chumvi ikabaki. Ilikuwa ya kijivu, ina uchungu kidogo. Ukiizoea, ya dukani unaiona haina kitu.

Mimi si mtu wa ziwani. Ni Mmatengo wa Maguu, shule niliacha darasa la tano. Lakini chumvi ile niliijua kabla sijaliona ziwa. Bibi yangu alisema wanawake wa Nyasa walikuwa wanapanda mlima siku mbili wamebeba chumvi imefungwa kwa majani ya migomba, wanashuka na maharage. Wajerumani walikuta hivyo, Waingereza wakakuta hivyo. Ule mwaka ambao madukani hakukuwa na chumvi wala sabuni, mama yangu alishuka mwenyewe kwa miguu. Aliporudi na debe kichwani, majirani walikuwa wameshapanga foleni uani kwetu.

Nilipomwoa Rosina niliamua kukaa kwao, kwa sababu Maguu sisi wanaume tulikuwa saba na shamba moja. Wakanipa kipande kando ya Ziwa Dogo, nikalima muhogo. Chumvi ilikuwa kazi ya Rosina na mama yake, Mama Hedwiga. Yeye ndiye aliyekuwa anasema siku ya kuanza kukwangua na siku ya kuacha. Wanawake wengine kumi na wanane walimsikiliza.

Mama Hedwiga na mimi hatukuwa tunazungumza. Si ugomvi, ni heshima. Kwao na kwetu mkwe hatazamwi usoni. Nikimwona njiani, napisha. Akiwa na neno, anampa Rosina, na Rosina ananiletea. Miaka kumi na tisa tuliishi hivyo, vizuri kabisa.

Mwaka mmoja kabla ya kosa langu alikuja msichana wa chuo, Edina, anasoma mambo ya miamba. Alileta bomba refu, akaliingiza kwenye tope katikati ya ziwa na kulitoa limejaa. Mimi na shemeji yangu Aidan, mdogo wake Rosina, ndio tuliomsaidia kubeba. Alilipasua lile tope kwa urefu, likaonekana lina mistari kama kitambaa.

"Shikamoo zenu mmeshapata, sasa tazameni," alisema. "Huu mstari mweupe, hapa ziwa lilikauka kabisa. Huu mweusi, mvua zilirudi."

"Na mstari wa huyu Mmatengo kuja kutuolea dada, uko wapi?" Aidan akauliza.

"Huo bado mbichi, kaka. Haujakauka."

Aidan alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia angekuwa na akili angeoa Maguu, akale maharage ashibe, aache kutafuna usipa kama paka.

Nilimuuliza Edina kitu kilichokuwa kinanisumbua siku nyingi. Kwa nini hili ni chumvi na lile tamu, na katikati ni hatua kumi na mbili tu?

"Baba, Nyasa ina mlango. Maji yanatoka kule kusini kwa mto, yanakwenda mpaka baharini, na chumvi inatoka nayo. Hili halina mlango. Maji yanaingia, hayatoki, isipokuwa jua liyanyonye. Jua linachukua maji, linaacha chumvi. Kila mwaka kidogo, kwa maelfu ya miaka." Akaonyesha Nyasa kwa kidole. "Hata lile, zamani sana, kulipokuwa na ukame mrefu, lilishuka likabaki dogo, likawa na chumvi. Baadaye lilijaa tena. Nyasa ilisahau. Hili la kwenu halikusahau."

Niliitikia. Nilielewa nusu, nikadhani nimeelewa yote.

Masika ya mwaka uliofuata mvua ilinyesha kupita kiasi. Nyasa ilipanda ikaingia kwenye nyumba za wavuvi. Ziwa Dogo nalo lilijaa maji ya mlimani, likaingia kwenye muhogo wangu. Muhogo ukimwagiwa chumvi mizizini hauna siku nyingi. Majani yalianza kukunjamana. Rosina naye alikuwa na wasiwasi wake.

"Maji yamekuwa mengi mno," aliniambia. "Mama anasema mwaka huu pengine hatutakwangua kabisa. Anasema tungoje tu, jua litayamaliza mwakani."

"Mwakani tutakula nini?"

"Anasema tungoje."

Kwetu Maguu tunalima ngolo. Ni mashimo mtelemkoni, yamepangwa safu kwa safu, na matuta katikati ya mashimo. Mvua ikinyesha maji yanakaa shimoni, hayabebi udongo. Shimo likijaa kupita kiasi unakata tuta upande wa chini kidogo tu, maji ya ziada yanashukia shimo la pili, halafu unafunga. Nimeifanya kazi hiyo tangu utoto. Nilitazama Ziwa Dogo nikaona ngolo iliyojaa. Nilipima kwa kamba na vijiti, na kweli lilikuwa juu kuliko Nyasa kwa kama mkono mmoja. Nikasema nitoe maji ya juu tu, yale ya mvua. Muhogo utapona, chumvi itaganda mapema, na mama mkwe atafurahi. Sikumwambia Rosina. Nilitaka waamke wakute kazi imekwisha.

Nilianza saa moja asubuhi kwenye zile hatua kumi na mbili. Mchanga ulikuwa laini. Nilichimba mfereji wa upana wa majembe mawili.

Saa mbili na nusu hivi nilimwona Mama Hedwiga anakuja kwa njia ya ufukweni na ndoo yake. Nilikuwa kifua wazi, suruali nimekunja mpaka mapajani, tope mwili mzima. Mkwe hawezi kukuona hivyo. Nikachuchumaa nyuma ya matete upande wa Nyasa. Lakini alikuwa ameshaniona, mimi na mfereji. Alisimama, akageuza uso, akajifunika kitenge kichwani, akarudi alikotoka. Nikamshukuru moyoni kwa heshima yake. Nikainuka nikaendelea.

Kumbe alikuwa amekwenda kumtafuta Rosina. Rosina alikuwa anapalilia kwa Aidan, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi kwa mtu wa miguu mizima. Mama Hedwiga alikuwa na miaka sabini na miwili.

Rosina alifika anakimbia, viatu mkononi. Maji yalikuwa yameshaanza kupita.

"Baba Beata, mama anasema funga."

"Nafunga saa sita. Yapungue kwanza."

"Anasema funga sasa hivi. Anasema hilo tuta halijawahi kuguswa. Bibi yake hakuligusa na bibi wa bibi yake hakuligusa."

Nikaanza kurudisha mchanga. Kila nilichotupa kilichukuliwa. Ngolo ina udongo mfinyanzi na majani, ukiziba inaziba. Hapa palikuwa mchanga mtupu, maji yanakula pembeni na chini. Saa nne mfereji wa majembe mawili ulikuwa unapitisha ng'ombe. Aidan alikuja na vijana wa mitumbwi na viroba vya mchanga. Walipanga viroba themanini, vyote vikaondoka.

Siku tatu Ziwa Dogo lilimwagika, chumvi ya miaka yote ile ikaingia Nyasa, na Nyasa haikubadilika hata ladha. Siku ya nne ukavuma mwera, ule upepo wa kusini, na mawimbi yakapanda yakaingia kwa mlango nilioufungua. Jioni usipa walikuwa wanaruka mahali ambapo wanawake walikuwa wanakwangua.

Kesho yake Mama Hedwiga alikuja mpaka mlangoni kwangu. Alitoa kitenge kichwani, akanitazama usoni. Sikujua niangalie wapi.

"Florian," alisema. Hakuwahi kulitaja jina langu. "Siku ile ningekupigia kelele, ungeacha?"

"Ningeacha, mama."

"Niliona aibu. Ulikuwa uchi."

"Hata mimi niliona aibu, mama."

"Haya," alisema, akaondoka.

Edina nilimpigia simu mimi mwenyewe. Alikuja mwezi wa nane, akatia maji kwenye vichupa vyake, akayaonja. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

"Chemchemi bado inatoa," alisema. "Chumvi ipo huko chini."

"Basi tukiziba tuta kwa mawe na saruji, itarudi?"

"Mkiziba vizuri, ndiyo. Inaweza kuanza."

"Lini tutakwangua?"

Alikunja karatasi yake mara mbili. "Si wewe, baba. Wala si Beata. Wala si wajukuu wa Beata."

Kijiji kilifanya mkutano. Mwenyekiti alisema fedha za mawe na saruji hazipo, na wavuvi nao walisema wasizibiwe, maana mitumbwi yao imepata mahali pa kujificha mwera. Nilisimama kuomba. Mzee mmoja akasema, "Keti, Mmatengo. Umeshachimba ya kutosha." Watu walicheka. Aidan hakucheka.

Mama Hedwiga hakukubali kwamba chumvi imekwisha. Kila asubuhi alizunguka mpaka kwenye chemchemi, akaingia maji ya magoti, akachovya kidole, akaonja. Akirudi anamwambia Rosina, "Leo ipo kidogo." Alikuwa akiingia maji yale tangu usichana wake, na katika maji yale hapakuwahi kuwa na kitu cha kumwogopesha. Mamba hawezi chumvi. Mwezi wa kumi na moja wavuvi walimwona mamba wa kwanza amelala juani upande wa mlima. Rosina alimkataza mama yake asiende. Na mimi nilimkataza, uso kwa uso, maana heshima ile ilikuwa imeshakwisha.

"Pale kwenye maji moto hafiki," alisema.

Alichukuliwa Jumanne, mwezi wa kwanza, saa moja na robo asubuhi. Wanawake wawili waliokuwa wanafua waliona. Tulimtafuta kwa mitumbwi sita. Siku ya tatu alipatikana upande wa Nyasa. Alikuwa ametokea kwa mlango ule.

Baada ya matanga Rosina alikunja nguo zake. Hakunitukana. Nilimwambia nitarudi Maguu nikalime kahawa ya watu, twende wote.

"Nikikutazama naona maji yanapita," alisema. "Sina ubaya na wewe, Baba Beata. Siwezi tu."

Alihamia kwa Aidan. Aidan naye amenisamehe, ndivyo anavyosema. Tukikutana ananisalimia, "Habari za asubuhi, Florian." Haniiti shemeji wala Mmatengo. Hanitanii.

Nimepata muda wa kuhesabu, basi nahesabu. Muhogo niliotaka kuuokoa ulikuwa robo eka, na wote umefunikwa na mchanga. Wanawake waliokuwa wanachemsha chumvi walikuwa kumi na tisa. Saba wamepanda milimani kuchuma kahawa kwa kibarua, watatu wako Songea kwa watoto wao, nane wanaanika usipa wa wenzao, na mmoja ni marehemu. Heroe mwaka huu walikuja wanne, wakasimama asubuhi moja, wakaruka. Mlango wa ziwa Jumapili iliyopita ulikuwa hatua tisini na nne. Nimepoteza mama mkwe mmoja. Mke mmoja. Shemeji mmoja, ingawa yuko hai. Binti yetu Beata anapiga simu kwa mama yake kila wiki. Kwangu amepiga mara mbili tangu msiba.