Mtoto wa Pipa la Nyuma

Agosti ya mwaka wa tisini na sita, shule zikiwa zimefungwa, Waithira aliachiwa wajukuu watatu kwa wiki nzima. Mkamwana wake Jeniffer alikuwa akiuza vitambaa katika duka moja Nyeri mjini na hakuweza kupata ruhusa. Mutahi alikuwa na miaka mitano, Ivy minne, na Wamae hajatimiza mitatu. Huyo bado alisema maneno mawili mawili tu, na akikimbia ilikuwa lazima mtu akimbie nyuma yake.

"Nimewaahidi Hepi Paki, ile bustani mpya ya michezo," Jeniffer alisema Jumatatu jioni akivua viatu mlangoni. "Watoto wote wa hapa wameenda isipokuwa wetu. Wapeleke kesho, Mama. Si mbali, unashukia tu pale stegi mpya."

Waithira hakuwa na sababu ya kukataa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, ng'ombe wawili wa maziwa, na magoti ambayo bado hayajaanza kulalamika. Asubuhi alichemsha viazi vitamu, akavifunga kwenye kitambaa, akajaza uji kwenye thamosi na kumvisha kila mtoto sweta mbili.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Nyandarua tangu alfajiri, na walipofika langoni hawakuweza kuona bustani inaishia wapi. Karibu nao palikuwa na bembea za minyororo, mteremko wa bati, na sungura wa saruji aliyekuwa mrefu kuliko mtu mzima. Kisha palikuwa na treni, ambayo ndiyo ilizungumziwa tarafa nzima ya Tetu. Ilikuwa mapipa matano ya mafuta yaliyolazwa ubavu, yakakatwa juu, yakatiwa magurudumu na kiti kimoja kimoja, yakafungwa moja nyuma ya lingine. Trekta ndogo iliyavuta kuzunguka bustani, yakapotea nyuma ya ua wa misaiprasi, kisha yakatokea upande wa pili.

Mwenye kuendesha trekta aliitwa Njoka, mtu wa upande wa Embu, mwenye koti la mvua lililomfika kwenye viatu. Baridi ilikuwa imewazuia watu nyumbani. Hapakuwa na watoto wengine.

"Ni hawa watatu tu?" aliuliza.

"Ni hawa."

Njoka aliangalia nyuma yao kidogo, kisha akawapandisha. Mutahi alikaa pipa la kwanza, Ivy la pili, na Wamae akafungwa mkanda katika la tatu. Treni iliondoka ikigongagonga. Waithira alisimama akiipungia mkono mpaka ikaingia nyuma ya ua. Ilipotokea upande wa pili, watoto wote watatu walikuwa wamegeuza shingo wakitazama nyuma, na Wamae alikuwa akicheka na kunyoosha mkono kuelekea pipa la mwisho.

Mzunguko wa pili Mutahi alitaka kukaa huko nyuma, kwa sababu pipa la mwisho ndilo hurushwa sana kwenye kona. Alikimbia, akashika ukingo wake, akasimama. Kisha akarudi pole pole.

"Kuna mtu, Cucu," alimwambia bibi yake.

"Hakuna mtu. Panda."

"Kuna mtoto. Amejikunja hapo chini."

Waithira alienda akachungulia. Palikuwa na kiti cha mbao, majani makavu, na maji kidogo ya mvua. Aliliinamia pipa lile zaidi ya ilivyohitajika, kisha akamgeukia Njoka.

"Wadogo hawalitaki hilo," Njoka alisema bila kumtazama. "Wale wakubwa, wa miaka minane, tisa, wanakaa tu. Lakini wadogo wanasema kuna mwenyewe. Mimi nilifikiri labda kuna nyoka. Nikaliosha na maji moto. Wapi."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue. Aprili." Akawasha trekta. "Mama, mimi siulizi mambo ya hapa. Mimi si mtu wa hapa."

Karibu saa tano ukungu uliinuka kidogo ng'ambo ya mto. Waithira, akiwa amekaa kwenye benchi, aliona kilima chenye mgongo uliokatika katikati, na chini yake kona ya mto yenye mawe meupe. Alikuwa ameiangalia kona hiyo kila siku kwa miaka miwili, tena kutoka mahali hapa hapa. Hakuwa amepatambua kwa sababu walikuja kwa barabara mpya ya lami, na kwa sababu tingatinga lilikuwa limesawazisha kila kitu. Miaka arobaini alikuwa amezunguka mbali kila alipokwenda mjini ili asipite kwenye mwinuko huu.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, Waingereza waliwatoa watu mashambani na kuwasonga katika vijiji vilivyozungushiwa handaki refu, chini yake miti iliyochongwa ncha. Kijiji chao kilikuwa hapa, na kila asubuhi homgadi, askari wenyeji wa serikali, waliwachukua akina mama kwenda kuchimba. Watoto wadogo waliachwa kiwanjani na wasichana. Waithira alikuwa na miaka kumi, na alikuwa amepewa sita wa kuwatunza. Mmoja wao aliitwa Kihara, mtoto wa mama mmoja aliyeitwa Wakonyo. Alikuwa na miaka miwili na alimfuata Waithira kila aendapo, ameshika nguo yake.

Siku moja Waithira alipata kiazi kitamu. Alikificha chini ya kwapa mpaka mchana, kisha akamsukuma Kihara, akamwambia akae pale, akaenda nyuma ya nyumba kukila peke yake. Aliporudi Kihara hakuwepo. Walimkuta ndani ya handaki. Homgadi hawakungoja mtu. Alifukiwa pale pale kando ya handaki kabla ya akina mama kurudi, na mama yake hakuonyeshwa hata mahali. Waithira alipoulizwa alisema alikuwa ametumwa maji. Hakuna aliyemuuliza tena, wala yeye hakumwambia mtu. Hata mume wake alikufa bila kujua.

Watoto walikuja kwenye benchi kula. Waithira aliwagawia viazi, akijilazimisha kuhesabu vikombe vya uji na kufikiria vikombe tu. Ivy alikivunja chake vipande viwili, akaweka kimoja juu ya benchi, mahali palipokuwa wazi.

"Kula chakula chako," Waithira alimwambia.

"Hiki ni chake."

"Cha nani?"

"Mtoto wa pipa la nyuma. Anasema wewe humpi." Ivy alitafuna kwanza, akameza. Hakuwa na woga wowote usoni. "Anasema ulienda kula nyuma ya nyumba."

Waithira aliweka thamosi chini. Alimshika Ivy bega na kumuuliza nani amemwambia maneno hayo; akamuuliza Mutahi; akawauliza tena, kwa sauti ambayo watoto hawakuwa wameizoea, mpaka Ivy akaanza kulia. Ilichukua muda huo wote kabla hajagundua kwamba Wamae hayuko.

Kikombe chake kilikuwa chini, uji ukiwa bado unatoka. Ukungu ulikuwa umerudi. Kwenye bembea hakuwepo, wala nyuma ya yule sungura wa saruji. Njoka alizima trekta akaanza kuita akielekea langoni, kwa kuwa mtoto akipotea, barabara ndiyo hatari.

Lakini Waithira hakwenda langoni. Aliwaambia Mutahi na Ivy wakae na Njoka, akakimbia upande wa pili, akapita kwenye pengo la misaiprasi, akaingia katika vichaka vya miiba ambako tingatinga halikufika. Miguu yake iliijua njia. Hapa palikuwa kiwanja. Hapa nyumba ya Wakonyo, na hapa ile nyumba ambayo alijificha nyuma yake. Hatua thelathini kutoka hapo mpaka handaki.

Kipande cha handaki kilikuwa bado kipo. Nyasi zilikuwa zimekifunika pande zote mbili zikakutana katikati, kiasi kwamba mtu angeweza kudhani ni ardhi. Wamae alikuwa amesimama kwenye ukingo wake, ncha za viatu zikiwa hewani, mwili wote umeinamia mbele. Mtoto hawezi kusimama hivyo. Angekuwa ameshaanguka.

Kisha Waithira aliona sweta. Ilikuwa imevutwa nyuma, katikati ya mgongo, ikasimama kwa ncha kama kitambaa kilichokamatwa ngumini. Nyuzi zake zilikuwa zimekaza mpaka shingoni, na Wamae alikuwa ananing'inia humo, ametulia, akizungumza maneno yake mawili mawili na mtu aliyekuwa nyuma yake.

Waithira alitembea. Hakuthubutu kukimbia. Alipomfikia alimzungushia mkono kiunoni na kumrudisha kifuani, na hata hapo sweta haikuachiwa mara moja. Alihisi ikivutwa upande wa pili, kwa nguvu ndogo, nguvu ya mkono mdogo.

"Kihara," alisema. Jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwake tangu mwaka wa hamsini na nne. "Nimemshika sasa. Mwachilie."

Sweta ilibaki imekaza.

"Nilikuwa na njaa," Waithira alisema. "Nilikudanganya uningoje, halafu nikawadanganya wote. Sikutumwa maji."

Sweta ilishuka, taratibu, ikalala juu ya mgongo wa mtoto. Waithira alirudi kwenye bustani amembeba Wamae, na njia nzima Wamae aliangalia nyuma juu ya bega lake, akipunga.

Usiku ule hakusema kitu kwa Jeniffer ila kwamba watoto wamechoka. Ila Alhamisi aliwaacha kwa jirani, akaenda Othaya. Wakonyo alikuwa akiishi huko kwa binti yake, katikati ya majani chai, naye alikuwa anakaribia miaka sabini. Waithira alimkuta uani akichambua maharagwe. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na ng'ombe, na chai ikaletwa. Chai ilipoa Waithira akiwa ameishika.

"Maitu," alisema, kama mtu anavyomwita mama yake, "nilikudanganya juu ya Kihara."

Akamweleza yote, kuanzia kiazi mpaka sweta. Wakonyo aliendelea kuchambua maharagwe mpaka yakaisha, kisha akaanza kuyachambua tena yale yale.

"Hicho kiazi kilikuwa kikubwa kiasi gani?" aliuliza mwishowe.

Waithira alimwonyesha kidole chake cha gumba.

Wakonyo alikitazama kile kidole muda mrefu. "Hakingewatosha wawili," alisema. "Na wewe ulikuwa mtoto. Uongo wako niliujua siku ile ile, ulipoongea juu ya maji na mtungi wako ulikuwa mkavu."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuchukia miaka mingi, halafu nikachoka." Aliweka ungo chini. "Lakini hakuna mtu aliyewahi kunionyesha mahali alipo. Nipeleke."

Walikwenda Jumamosi, na kwa sababu Jeniffer alikuwa kazini watoto nao walikwenda. Siku hiyo kulikuwa na watu wengi, watoto wengine wakilia, wengine wakilazimishwa kushuka kwenye bembea. Njoka alimwona Waithira akamsalimia kwa kichwa tu. Wakonyo alitaka kuona handaki kwanza. Alisimama kwenye ukingo wake, ameegemea fimbo, akaliangalia kama mtu anayeangalia shamba la jirani. Baadaye alisema miguu inamuuma, wakarudi, naye akakaa kwenye benchi chini ya ua wa misaiprasi.

"Mimi sioni kitu," alimwambia Waithira. "Nilifikiri nitaona."

Wamae alikuja akiwa na matope mpaka magotini. Alikuwa mtoto wa kumpanda mtu yeyote aliyekaa, hata wageni, na alimwendea Wakonyo mikono ikiwa juu. Alipofika miguuni pake alisimama. Akashusha mikono. Akaangalia mapaja ya yule mama mzee, kisha uso wake, kisha mapaja tena.

"Njoo," Wakonyo alimwambia.

"Kuna mtoto," Wamae alisema.

Wakonyo hakusogea. Baada ya muda mikono yake, iliyokuwa juu ya fimbo, iliiachia fimbo ianguke, kisha mikono hiyo ikaja mbele pole pole, ikasimama hewani mbele ya tumbo lake, ikiwa imepinda. Waithira aliwaondoa watoto. Kila alipogeuka kutoka kwenye bembea aliiona mikono ile ikiwa imebaki vile vile, na mdomo wa Wakonyo ukisogea.

Wakonyo aliketi hivyo mpaka watu wakaanza kuondoka. Njoka alipokuja kusema wanafunga, Wakonyo aliitikia vizuri, akamshukuru. Alivua leso mabegani. Akainama, akaitupa mgongoni, akaitikisa mara mbili kama wanavyofanya akina mama wote kumpandisha mtoto juu, akaifunga kifuani kwa fundo. Kisha akaokota fimbo yake na kutangulia kuelekea barabarani.

Waithira alimfuata akiwa ameshika mikono ya watoto wawili, na Mutahi mbele yake. Leso ya mtu ambaye hajabeba kitu hulala bapa mgongoni. Hii ilikuwa imejaa, mviringo, ikining'inia kidogo upande wa kushoto, na Wakonyo alitembea akiwa ameinama ili kuusawazisha uzito. Waithira aliitazama mara moja tu. Baada ya hapo aliangalia lami, akaendelea kutembea nyuma yao mpaka stegi.