Alama ya Yazhini

Programu yetu ya kuchorea vipuri ilikuwa inakufa bila kuaga. Unavuta mstari, skrini inageuka nyeupe, na yote uliyochora yamekwenda na maji. Pale karakanani kwa Bosi Marudachalam, mtaa wa Peelamedu, tulikwisha kuzoea kuishi nayo kama watu wanavyoishi na mkwe mkorofi. Tulihifadhi kila baada ya mstari. Ikianza kusuasua, mtu alipaza sauti, grinda ya kusagia chuma ikazimwa, feni ikazimwa, hata aliyekuwa anakunywa kahawa akashusha kikombe taratibu, maana tuliamini umeme ndio unaoiyumbisha. Wateja walitucheka. Mimi nilitukana kimoyomoyo na kuanza upya.

Siku ile sikuwa na moyo wa kuanza upya. Mtambo wa oksijeni wa hospitali alikolazwa mdogo wangu Elango ulikuwa umevunjika gurudumu la mapanga, lile linalosukuma hewa. La kuagiza lingechukua wiki kadhaa. Wodi nzima ilikuwa inapumua kwa mitungi, na mitungi ingetosha mpaka jioni tu. Mhandisi wa hospitali alituletea vipande vimefungwa kwenye taulo. Akasema akipata mchoro kamili kabla ya saa nane mchana, kuna karakana mtaa wa Ganapathy yenye mashine ya kukata inayosoma faili, watalichonga papo hapo na kulifunga kabla ya giza. Hakujua kwamba mmoja wa wanaoingoja hewa hiyo ni ndugu yangu, wala sikumwambia. Nilipokea vipande nikaanza kupima.

Programu ilikufa nikiwa kwenye panga la kwanza. Ikafa tena nilipofika la tatu. Halafu ikafa katikati ya kuhifadhi, ikaharibu hata kile nilichokwisha kuhifadhi. Thangaraj, fundi wetu wa kompyuta, alikuja akaipapasapapasa, akasema ndiyo malipo ya kutumia programu ya wizi, akaenda zake kula. Nilitamani kumrushia vipande vya chuma. Vennila, mke wa Elango, alikuwa akinipigia simu kila mara kuuliza tumefika wapi. Safari hii alilia tu, na nyuma yake nikamsikia mdogo wangu akikohoa. Nikawa nabonyeza vitufe visivyohusika. Niliogopa, sina neno jingine.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, majivu ya sala yakimkauka kwenye paji la uso.

"Hiyo faili uliianza saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Saa ya Rahu hiyo, mama. Nani anaanzisha jambo saa ya nuksi? Ifunge. Sasa saa mbaya imepita, anza nyingine, mpya kabisa."

Siku nyingine ningemjibu. Siku ile ningemsikiliza hata mganga wa njiani, kwa hiyo nikafungua faili mpya.

Kwetu karatasi ya mchoro haianzi tupu. Juu, kwenye kona, kwanza unamweka Pillaiyar, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, akufungulie njia. Wenzetu wengi huweka kitanzi kidogo tu cha kumwakilisha. Wetu alikuwa Pillaiyar mzima, na mkonga wake, na masikio, na tumbo, na panya miguuni. Alichorwa na Yazhini, binti wa bosi, alipokuwa anajifunza kompyuta kwenye meza ile ile, kabla homa ya dengi haijamchukua. Tangu hapo tulikuwa tukimnakili kutoka mchoro hadi mchoro. Nikamweka mahali pake, nikageuka kuchukua kipimio. Nilipoirudia skrini, ilikuwa nyeupe.

Nilikuwa sijachora hata mstari mmoja.

Nikafungua faili bila alama ile ya Pillaiyar, ikatulia. Nikaweka alama, ikafa. Safari iliyofuata niliwahi kumkuza Pillaiyar kabla skrini haijaganda, na hapo nikaelewa. Yule msichana alikuwa amemchora kwa mkono, vistari vidogo vidogo visivyo na idadi, na kila tulipomnakili, nakala nyingine ilijificha chini yake. Miaka yote tulikuwa tunarundika Pillaiyar juu ya Pillaiyar, na programu inalazimishwa kuwabeba wote. Kwenye michoro myepesi ilijikongoja. Sasa rundo lilikuwa limezidi, hata karatasi tupu iliishinda.

Nikamwambia bosi kwamba ni ile alama, na kwamba nataka kuchora bila yake.

"Leo?" akasema. "Watu wanakosa pumzi, na leo ndiyo unataka mchoro utoke uchi?"

"Elango yumo kwenye hiyo wodi, bosi."

Akanitazama. "Mbona hukusema?"

"Ningesema ungefanya nini? Ungeniongezea majivu."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akaikodolea macho ile kona.

"Picha zake ninazo," akasema. "Kitu cha mkono wake sina kingine."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimchukia kwa kila dakika aliyokuwa anaipoteza. Nikataka kumwambia kwamba Yazhini bado yumo kwenye michoro ya zamani, nikakumbuka kwamba hata hiyo hufa ukiifungua. Mwishowe akaniuliza kitufe cha kufuta ni kipi. Tangu binti yake afe, hakuwa amegusa kibodi. Nikamwonyesha. Akakibonyeza kwa kidole kizima, kona ikabaki nyeupe, naye akainuka akatoka. Nikasikia grinda inawaka. Alikuwa anasaga kipande cha chuma kisicho na kazi yoyote.

Nilichora. Grinda ilinguruma muda wote na programu haikutikisika hata mara moja. Bado nilihifadhi kila mstari, kwa hofu. Faili ilifika Ganapathy ikiwa imebaki kidogo tu kufika saa nane. Jua lilipokuwa linazama, Vennila akapiga simu tena. Aliielekeza simu kwenye mtambo nisikie unavyounguruma. Nililia mbele ya mafundi wote, wala sikuona aibu.

Elango alitoka hospitali, na siku hizi anagombana na mkewe kama zamani. Mimi nilitengeneza karatasi mpya ya kuanzia kazi. Nilimwuliza bosi kama niweke kitanzi kidogo cha Pillaiyar, mstari mmoja tu, hakina madhara. Akakataa, akasema kona ile niiache ilivyo. Wateja wapya hawaelewi. Wanaona nafasi nzuri imekaa bure na kutuomba tuweke hapo nembo za kampuni zao. Bosi huwajibu bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Hapo pana mwenyewe."