Sauti ya Mama Barafu

Alhamisi, tarehe 7 Novemba. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu mepesi, yasiyotosha kumfanya mtu afungue mwavuli wala kumwacha afike mkavu. Makamu wa Rais wa Chama cha Madaktari na Watafiti wa Homoni alifika ukumbini kabla ya wapanga viti, akafuta viatu kwa leso, akaenda moja kwa moja meza kuu kuutazama mkufu.

Mkufu wa urais ulilala ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha bluu. Ulikuwa wa shaba, na kwenye medali yake ilichorwa tezi ya shingo, ile yenye umbo la kipepeo. Makamu alikuwa ameutazama hivyo kwa miaka saba. Kila alfajiri alipopiga magoti alimwombea Rais afya njema, maana alijua Mungu hapendi chuki, kisha akaongeza maneno machache kuhusu kiti.

"Wewe," mkewe alizoea kumwambia, "ungemwonea wivu hata maiti, kwa kuwa amebebwa."

Hotuba ya Rais, kwa desturi ya chama, ilitolewa saa kumi na mbili jioni, wajumbe wakishatoka kliniki. Mwaka huo ilihusu utafiti wa sanduku la kushoto. Gari la maabara lilikuwa likikusanya damu za wagonjwa kutoka kliniki za mbali kwa masanduku mawili. Lile la kushoto lilipigwa na jua njia nzima, homoni ikaharibika ndani ya chupa, na watu wasioumwa chochote wakaandikiwa dawa za kumeza maisha yao yote.

Aliyegundua hayo alikuwa mpimaji wa maabara, mjane mmoja aliyeitwa Mama Barafu kwa jinsi alivyoyalinda mafriza yake. Aliyaandika kwa mkono wake, miaka kumi na moja, madaftari kumi na moja. Makala ilipotoka, jina la kwanza lilikuwa la Rais na la pili la Makamu. La Mama Barafu halikuwapo. Kifungu cha tisa cha katiba kilisema kazi ya chama haitabeba jina la mtu asiye na shahada, na kifungu hicho alikitunga Makamu mwenyewe. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kingine kabisa. Maabara ile ilikuwa chini yake. Kwa nini basi yeye awe wa pili?

Saa kumi na mbili ilipofika Rais alivaa mkufu, akakohoa, akafungua kinywa. Ikatoka sauti ya Mama Barafu.

Ilikuwa yake hasa, yenye kukwaruza kidogo mwanzo wa sentensi, na ikasema "haya sasa" kabla ya kila tarakimu, kama alivyosema yeye. Fundi mitambo akarekebisha kipaza sauti. Wajumbe wakaandika. Wengi walisema baadaye kwamba hawakuwahi kuielewa hotuba ya Rais vizuri namna ile, na mwishoni walisimama kumpigia makofi. Alipogeukia kuwashukuru wageni, sauti yake nzito ikarudi.

Makamu naye alipiga makofi. Yeye, katika maisha yake yote, hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yake isipokuwa kwenye foleni.

Wiki iliyofuata aliliweka suala hilo mbele ya halmashauri. "Rais wetu ni mwanamume wa miaka sitini na mbili," alisema kwa upole. "Anaongea kwa sauti ya mwanamke, na sisi ni chama cha homoni. Tutakaa kimya?"

"Apimwe homoni za kiume," alisema Mweka Hazina, na wote wakakubali, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kumtazama binadamu.

Rais alikunja mkono wa shati palepale, baada ya chakula cha mchana, damu ikapelekwa maabara. Ilirudi na kikaratasi: *Homoni hizi hupimwa kwa damu ya asubuhi. Hii ni ya saa tisa alasiri. Leteni nyingine.* Madaktari bingwa kumi na wawili waliona haya kidogo. Damu ya asubuhi ilikuwa sawa. Kwa umri wa Rais, ilikuwa hata nzuri kupita kiasi, jambo ambalo Makamu alilisoma mara mbili na kulichukia mara zote mbili.

Akashuka maabara mwenyewe. Mama Barafu alikuwa akipanga chupa kwenye friza, glavu nene mikononi.

"Ile sauti ya Rais," alisema Makamu.

"Ni yangu, Daktari." Alifunga mlango wa friza kwanza, baridi isitoke. "Jioni ile nilikuwa chuoni, hapo ng'ambo ya ukumbi wenu. Mtihani wa mwisho wa shahada, ule wa mdomo. Nikafungua kinywa, hamna kitu. Watahini walinisubiri dakika arobaini, wakaniandikia sifuri."

"Hukuwaeleza?"

"Kwa sauti ipi?"

Makamu akatazama saa ya ukutani.

"Wanangu wananicheka," aliendelea Mama Barafu. "Wanasema, mama, miaka yote unatupigia kelele humu ndani, siku ya kuulizwa ndiyo umenyamaza." Alitabasamu, kisha akaacha. "Nimeruhusiwa kurudia mwakani, mara moja tu. Alhamisi ya kwanza ya Novemba, saa kumi na mbili. Hawana nafasi nyingine. Na mwakani Rais anamaliza muda wake, mkufu ni wako, Daktari. Siku hiyo zungumza lolote upendalo, ila utafiti ule usiutaje mpaka saa moja. Nikifaulu, kifungu cha tisa hakinihusu tena. Naliombea hilo kila siku."

"Na mimi naomba," alisema Makamu. Hakusema anaomba nini.

Mwaka huo Rais aliutangaza utafiti katika miji tisa. Kila siku ya hotuba Mama Barafu alikosa sauti, akafanya kazi kwa vikaratasi, na wenzake walizoea. Waliomsikia Rais walitoka ukumbini wakifuta machozi, wakaenda kuyahamisha masanduku yao kutoka juani. Makamu naye alijaribu kuuelezea kwenye semina ndogo, kwa sauti aliyozaliwa nayo, na wasikilizaji wawili wa nyuma walisinzia. Siku moja alibaki peke yake ofisini, akauvaa mkufu, akajitazama katika kioo cha kabati na kusema, "Haya sasa." Ilitoka sauti yake ileile. Alikuwa hajaapishwa.

Kwenye sala zake alianza kuuliza kwa nini zawadi ile apewe mwingine. Hakumkumbuka mwenye sauti. Ni Rais tu aliyemjia akilini.

Alhamisi ya kwanza ya Novemba iliyofuata ilikuwa ya jua kali tangu asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika tano, kiapo kilipokwisha, Rais aliuvua mkufu, akamvisha Makamu. Ulikuwa bado na joto la shingo ya mwenzake.

Kutoka jukwaani, kupitia dirishani, ghorofa ya pili ya chuo cha jioni ilionekana wazi. Mama Barafu alisimama mbele ya watahini watatu, gauni limepigwa pasi, mkono mmoja kifuani. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Mtahini mmoja alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Mfukoni Makamu alikuwa na hotuba mbili. Moja ilikuwa ya mafunzo ya wauguzi, ndefu, ingemfikisha saa moja na nusu.

"Jikaze, mdogo wangu," alinong'ona Rais mstaafu kutoka mstari wa mbele, kwa dharau ya kindugu. "Si kila mtu hujaliwa sauti."

Makamu akatoa ile ya pili, ya sanduku la kushoto.

"Haya sasa," alisema, na ilikuwa yenyewe, pamoja na kukwaruza kwake. Ukumbi ukatulia. Ng'ambo ya barabara midomo ya Mama Barafu iliendelea kidogo, kisha ikasimama wazi. Aligeuka polepole kuelekea dirishani. Wakatazamana, kama watu waliofanya kazi pamoja muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani. Mtahini aliyetikisa kichwa akatazama saa.

Makamu alizungumza vizuri sana. Watu walisimama wote, na mkewe akasimama pia, wa mwisho.

Makofi yalipopungua, daktari mmoja msichana aliuliza kutoka nyuma, "Na wale wanaofanya kazi hizi maabarani, Mheshimiwa Rais?"

Swali lilimgusa kwelikweli, macho yakamlowa. Aliweka mkono wa kushoto juu ya katiba na kuinua wa kulia, mbele ya wajumbe mia mbili na kumi na wanne, mke wake mwenyewe, Rais mstaafu na waandishi wawili wa habari.

"Naahidi mbele yenu nyote," alisema kwa sauti ya Mama Barafu, "katika uongozi wangu, kila aliyeifanya kazi atasikika."