Kwaheri ya Nne ya Mchungaji Moleni

Kitendawili: kila mwaka huaga, wala haondoki. Pale kijijini kwao, kisiwani 'Eua, hata mtoto anayenyonya angekitegua: Mchungaji wetu!

Kila Juni, kabla mkutano mkuu wa kanisa haujasoma majina ya wachungaji wanaohamishwa, Mchungaji Moleni alipanda mimbarani akalia. "Wapendwa, huenda hatutaonana tena!" Wapendwa nao wakalia, wakachoma nguruwe, wakamletea mikeka myororo. Kisha redio ikatangaza: Moleni, palepale. Mikeka, kwa masikitiko makubwa, ikabaki kwake. Kurudisha zawadi ni kumtukana aliyeitoa, na Moleni hakuwa mtu wa matusi.

Bibi Kalolaine alikwisha kutoa mikeka mitatu. Alibakiwa na mmoja, ambao marehemu mama yake aliusuka miaka miwili mizima, na mjukuu wake Lesieli alikuwa anaolewa Agosti. Bibi arusi bila mkeka wa ukoo ni sawa na aliyekwenda uchi, ila uchi watu husahau.

"Mwaka huu tunatoa nini, Bibi?" Lesieli aliuliza.

"Machozi, mjukuu wangu. Hayasukwi."

Akauficha mkeka chini ya godoro, akaulalia kama kuku anayeatamia.

Jumapili Moleni akalia. Kalolaine akalia kumshinda, kisha akampa kopo la nyama. Moleni akaligeuzageuza, labda mkeka umeingia ndani.

"Ni hili tu, mama?"

"Litakufikisha wiki ijayo, Baba, tutakapokukaribisha tena."

Kanisa zima likashikwa na kikohozi.

Alhamisi redio ikatangaza: Moleni, Niuafo'ou. Hicho ni kisiwa cha mbali kabisa, meli hufika ikijisikia. Hakuna aliyekohoa.

Asubuhi ya safari Moleni alisimama mlangoni mwa kanisa kuaga. Kwaheri tatu za uongo aliziweza kwa ufasaha. Hii ya kweli ikamshinda. Kalolaine akamkumbuka alivyokaa naye siku tatu mumewe alipofariki, bila kuhubiri hata kidogo. Kwa mtu yule, huo ulikuwa muujiza.

Akaenda nyumbani, akarudi na mkeka, akautandaza mbele ya gari.

"Kanyaga, Baba. Mtu wetu haondoki kwa vumbi."

Lesieli akashika kichwa. "Bibi! Harusi yangu!"

Moleni akavua viatu, akapita polepole, na safari hii machozi hayakungoja zamu yao. Alipofika mwisho akainama, mkono ukilifuata pindo. Mazoea yana taabu. Lakini upande wa pili Bibi Kalolaine alikuwa amekwisha kuukalia, na Mungu alimjalia uzito.

"Nimekupa heshima yote, Baba," akasema, machozi yakimdondoka. "Mkeka una harusi Agosti."

Moleni akacheka katikati ya kilio. "Mama Kalolaine, nitakukosa wewe kuliko mikeka yote."

"Na mimi nitakukosa, mwanangu. Nenda sasa."

Gari likaondoka. Kalolaine akabaki amekaa palepale mpaka lilipopotea bondeni, kwa sababu ya huzuni, na pia kwa sababu za usalama.