Lori Lililoibuka Bwawani

Kila Jumamosi mchana wazee watatu walikutana kwenye studio ya picha, nyuma ya pazia la bluu, kubishana kuhusu malori ya zamani kutoka Ulaya. Mmoja alikuwa mpiga picha, mwenye studio. Wa pili alikuwa fundi wa malori aliyestaafu. Wa tatu, aliyekuwa karani wa forodha, walimwita Kamusi, kwa sababu lori lolote lililowahi kushushwa melini alilijua mpaka mwaka wake. Watu waliwaletea picha, babu kaegemea boneti au mjomba kakanyaga bampa, nao wakawaambia hilo ni lori gani. Wake zao waliiona kuwa ni kazi ya wasio na kazi.

Jumamosi hiyo aliingia muuguzi, bado amevaa sare, akakataa kiti. Aliweka mezani picha ya zamani ya baba yake amesimama kando ya lori. Kisha akawaonyesha nyingine kwenye simu, aliyoipiga asubuhi: kebini ya lori imechomoza kwenye matope ya bwawa, ambalo ukame ulikuwa umelinywa zaidi ya nusu.

Aliwaeleza kwa kifupi. Miaka thelathini na tisa iliyopita baba yake alitoka na lori la tajiri wake, asirudi. Tajiri akatangaza kwamba ameliiba na kuliuza ng'ambo ya mpaka. Tangu siku hiyo mama yake akawa mke wa mwizi, na mara mbili walihama nyumba kwa maneno ya watu. Sasa mnunuzi wa vyuma chakavu alishapata kibali, na saa kumi angeanza kulikata lile la bwawani. Polisi hawakutaka kulizuia. Lililoibwa lilikuwa Leyland, walisema, na hili lina nembo ya Albion; namba zake zilishaliwa na kutu.

Ilikuwa saa nane na nusu.

Kamusi alishika kioo cha kukuzia, akazitazama picha zote mbili, akatikisa kichwa. "Pole, binti yangu. Polisi wamesema kweli."

Muuguzi alianza kuikusanya picha yake, lakini fundi akaiwekea kiganja juu. Alisema enzi zile viwanda vya Leyland, Albion na Dodge vilitumia kebini ya aina moja. Ukiondoa nembo, ni mapacha. Yeye mwenyewe, akiwa gereji, aliwahi kuifungia Leyland uso wa Albion, kwa kuwa ndio uliokuwapo stoo.

Kamusi alipandwa na hasira. Alisema wakimwambia huyu mtoto anachotaka kusikia, kisha ikawa siyo, watakuwa wamemzika mama yake akiwa hai. Na alikuwa na haki.

Mpiga picha aliwaacha wabishane. Aliiingiza picha ya zamani kwenye kompyuta, akaikuza mpaka mlango ukajaa kioo kizima. Chini ya kidato cha kupandia palikuwa na kidato kingine cha nondo, kimechomelewa na mtu asiye fundi, upande mmoja umeshuka.

"Baba yako alikuwa mfupi?" Kamusi aliuliza.

"Mama alimpita kichwa kizima."

Kwenye picha ya simu, sehemu hiyo ilikuwa ndani ya tope.

Walipofika bwawani kwa pikapu ya mpiga picha, mwali wa gesi ulishawashwa na bampa lilikuwa chini, limekatwa. Fundi aliingia topeni na viatu vyake, akasimama mbele ya mlango. Mnunuzi wa vyuma alimwambia kwa upole atoke, kibali anacho.

"Nipe dakika kumi," fundi alisema. "Nikikosea, nitakusaidia kukata."

Mnunuzi akatazama saa yake, akarudi nyuma hatua moja.

Walifukua kwa majembe, kisha kwa mikono. Kamusi, yule yule aliyepinga, alipiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi. Muuguzi alifukua kando yake. Tope lilikuwa likirudi karibu kwa kasi ile ile waliyolitoa. Mnunuzi alikwisha kukohoa mara mbili kuwakumbusha, ndipo vidole vya Kamusi vilipogusa chuma. Alikifuta kwa leso. Nondo. Upande mmoja umeshuka.

Aliiweka picha ya zamani kando ya kile kidato, akavilinganisha mara tatu. "Ndilo," akasema.

Mnunuzi alifunga gesi mwenyewe. Polisi walikuja, na mlango ulipofunguliwa fundi alimshika muuguzi mabega, akamgeuza asitazame. Wiki kadhaa baadaye vipimo vya maabara vilithibitisha kwamba mifupa iliyokuwa ndani ni ya baba yake. Tajiri alishakufa zamani, na hakuna aliyeomba radhi kwa niaba yake.

Muuguzi hakungoja vipimo. Jioni ile ile alimwendea mama yake, akamkuta anakunja nguo zilizokauka, akamweleza yote. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu: lori lilikuwa limeelekea wapi?

Muuguzi hakujua. Alimpigia fundi, aliyekuwa bado bwawani akiosha miguu. Fundi aliitazama kebini, kisha barabara ya zamani iliyopita kando ya bwawa: pua ya lori ilielekea mjini, si mpakani.

"Mwambie alikuwa anarudi nyumbani."

Mama aliweka nguo chini. Akamwomba bintiye aanze tena, tangu mwanzo, na asiruke kitu.